Daktari Masalu Aliomba Namba

"Kuanzia sifuri mpaka kumi," alisema, kalamu juu ya kadi,
"maumivu yako ni ngapi?"
Mimi ni mshonaji, namba nazijua:
kiuno thelathini na nane, bega kumi na sita,
sketi ya mwalimu, chini ya goti inchi mbili.
Hii haipimwi kwa utepe.
Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu mhola
hata paa likiwaka.
Nikajibu mhola. Akasubiri. Kalamu haikushuka.

Nikamweleza basi.
Usiku, Igogo ikishanyamaza,
mawe ya mlimani huendelea kutoa joto yalilokunywa mchana.
Nyayo zangu nazo.
Shuka likigusa kidole, ni upupu juu ya kaa la moto.
Naitoa miguu nje ya chandarua, mbu na wajilie,
naibandika kwenye sakafu ya saruji,
napata nafuu ya pumzi tatu.
Honi ya kivuko cha alfajiri inanikuta macho.

Mchana ni kinyume.
Mwezi wa nne niliangusha sindano ya cherehani.
Nikaitafuta chini ya meza, katikati ya vitenge,
nikamsingizia Ng'washi, binti ninayemfundisha kazi.
Jioni ni yeye aliyeiona,
imepenya soli ya kandambili, imesimama kwenye unyayo wangu,
damu imeshakauka.
Ile ya kweli sikuisikia.
Zisizokuwepo nazihesabu kila usiku, hazipungui.

"Nane," nikasema.
Akaandika nane.

Akasema sukari imekula mishipa ya fahamu, miaka tisa,
kama mchwa kwenye boriti
nyumba ikiwa bado inapokea wageni.
Akaniandikia amitriptilini:
nusu kidonge jioni, wiki mbili, kisha kizima.
"Hairudishi kilicholiwa. Inapunguza kelele.
Kazi yenyewe ni sukari. Hii ni ya kukupa usingizi
ili kesho uwe na nguvu za kuifanya."

Shemeji Bwire, msomi wetu wa kidato cha nne,
akafungua boksi, akasoma karatasi ya ndani kwa sauti:
dawa ya sonona.
Kabla ya maharage kuiva ujia mzima ulikuwa unajua
kwamba mke wa Magesa anameza vidonge vya vichaa.
Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake, hata sijakikata.
Nilimfungia vizuri, kwenye gazeti.

Wiki ya kwanza, mdomo mkavu kama ukoko wa juzi,
kichwa kizito mpaka saa nne.
Nikashona mikono miwili ya kushoto
kwenye shati la mzee wa kanisa.
Nikarudi kliniki na hasira zangu. Sista Kokushubila akacheka,
kisha akasogeza saa: meza mapema, jua likizama,
wala usije ukaacha ghafla kwa maneno ya watu.

Usiku wa kumi na saba sikusikia honi.
Niliamka kumekucha, Magesa anachemsha uji.
Shuka lilikuwa juu ya miguu yangu.
Nikalitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi
na kukaa, na kunyamaza.

Sijapona. Kadi ya jana inasema nne.
Nane ilikuwa inalala kitandani kwangu.
Nne ina kiti chake, huko pembeni, inakohoa.
Zipo siku dirisha la dawa linajibu "hakuna",
nashuka mjini na pesa ya uzi.
Pedali mguu wangu bado hauitambui;
naisikiliza, nashona kwa masikio,
na viatu ni vya kufunika, hata ndani ya nyumba.

Jioni, kidonge kikishateremka,
Ng'washi anachukua kioo cha kujaribia nguo,
anakiinamisha chini ya nyayo zangu, anasogeza taa.
Hakuna lengelenge. Hakuna sindano.
"Mhola," anasema,
kisha anarudi kukiangalia tena
kisigino cha kushoto.